OKIDI SI MWIZI WA MTI

Leo naomba niwe wakili wa mmoja asiyeweza kujisemea. Katika vijiji vyetu yako mashitaka yanayorudiwa mwaka hata mwaka, na hukumu hutolewa kwa panga kabla shahidi hajasikilizwa. Mshitakiwa ni mmea unaoota juu ya matawi ya miti, wenye vijiti vingi vilivyosongamana kama shina la miwa midogo, na mizizi myeupe iliyosimama kama sindano. Mashitaka ni haya: kwamba mmea huo humnyonya mwenyeji wake, na kwamba usipoangushwa upesi mti utakauka.

Je, ni kweli? Nasema si kweli. Nami nitaleta ushahidi, ili kila baba na kila mama mwenye mti shambani aamue mwenyewe.

Mmea huo ni okidi. Wataalamu wa mimea huuita Ansellia africana. Waingereza wameupa jina la chui, maana maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya mnyama huyo. Basi nasi hapa tuuite okidi-chui. Kwao ni Afrika hii hii yetu. Unaota toka Afrika Magharibi mpaka Kenya, ukashuka Tanzania, Msumbiji na Zambia, mpaka nchi ya Wazulu huko Afrika Kusini. Haupendi baridi wala kivuli kizito. Unapenda nchi ya joto, nyika yenye miti iliyoachana, na kingo za mito. Huku kwetu Pwani utauona juu ya mbuyu, au juu ya mkoma, mahali mwanga unapofika vizuri.

Nimefundisha watoto wa shule kwa miaka mingi, na kila darasa nililolipeleka nje kutazama mimea liliniuliza swali moja: “Mwalimu, kama haunyonyi mti, unakula nini huko juu?” Ni swali zuri. Lakini kabla ya kulijibu, kwanza tumtofautishe mwizi wa kweli na huyu anayesingiziwa wizi.

Mwizi wa kweli mnamjua. Ni kirukia. Ndege hula matunda yake yenye utomvu unaonata, kisha huziacha mbegu juu ya tawi. Mbegu ikiota, haitafuti udongo. Huchoma gamba la tawi, ikaingia ndani mpaka kwenye njia ya maji ya mti, ikaanza kunywa kisichokuwa chake. Tazameni tawi lenye kirukia: mahali kiliposhika pamevimba kama kidonda kilichofunga, na mara nyingi upande wa mbele wa tawi hudhoofika. Mwizi mwingine ni mlangamia, ule uzi wa manjano usio na majani, unaojitandaza juu ya ua na vichaka kama wavu wa mvuvi. Huo nao hunyonya. Wezi hawa wawili siwatetei hata kidogo. Wakateni.

Sasa mwendeeni okidi-chui na kisu kidogo. Inueni mzizi mmoja polepole. Mtaona nini? Mzizi umelala juu ya gamba tu, umelishika kama mkono wa mtoto unavyoshika bega la mama yake. Chini yake gamba ni zima. Hakuna tundu, wala uvimbe, wala njia ya kuingia ndani. Na kama bado mna shaka, uko ushahidi mwingine mkubwa zaidi: mara nyingine okidi hii huota juu ya jiwe. Jiwe lina maziwa gani ya kunyonywa? Mnyonyaji angekufa njaa siku ile ile.

Kwa hiyo okidi-chui ni mpangaji, si mwizi. Amepewa mahali pa kukaa karibu na jua, lakini chakula anajitafutia mwenyewe. Wako wapangaji wa namna hiyo wengi juu ya miti ya nchi za joto, nao si okidi peke yake. Hata baadhi ya madole na kuvumwani huishi hivyo hivyo. Mti ni ngazi yao tu.

Basi turudi kwenye swali la watoto. Anakula nini?

Kwanza, maji. Mizizi ya okidi za juu ya miti imevikwa koti nene la chembe zilizokufa, tupu ndani, kama sponji. Mvua ikinyesha, au umande ukianguka, koti hilo hunywa maji upesi kabla hayajatiririka na kupotea, kisha huyapitisha ndani ya mzizi taratibu. Jaribuni wenyewe. Mzizi mkavu ni mweupe kama chokaa. Umwagieni maji kidogo, nanyi mtauona ukigeuka rangi mbele ya macho yenu, ukawa wa kijani. Ni kwa sababu koti lililojaa maji huacha mwanga upite, na kijani cha ndani kikaonekana. Maana mizizi ya okidi nyingi hujipikia chakula kwa jua kama majani yafanyavyo.

Pili, mbolea. Hapa okidi-chui ina akili ya kushangaza. Mbali na mizizi inayoshika tawi, ina mizizi mingine myembamba na migumu isiyoshuka chini bali hupanda juu, mamia kwa mamia, yenye ncha kali, ikalizunguka shina lote kama kikapu. Kazi yake ni kupokea. Majani yanayoanguka toka juu, maganda, vumbi la upepo, kinyesi cha ndege, vyote hunaswa humo. Vikioza huwa samadi, na okidi hujilisha kwa samadi hiyo. Sisi wakulima tunaohangaika kuchimba shimo la mboji hatuna la kumfundisha huyu. Yeye shimo lake amelijenga angani.

Tatu, akiba. Vile vijiti vinene kama miwa ni maghala yake. Kimoja huweza kufikia nusu mita na zaidi. Kipya huwa cha kijani; kikizeeka hugeuka manjano, kikawa na mifereji mirefu. Humo ndani umewekwa maji na chakula cha wakati wa kiangazi. Majani huota upande wa juu wa kijiti, nayo ni marefu na magumu, yenye mishipa inayokwenda sambamba kama ya jani la mhindi, kwa sababu okidi na mahindi ni wa kundi moja kubwa la mimea. Miezi ya ukame okidi haililii mvua. Hupumzika na kula akiba yake mpaka mawingu yarudi.

Kisha huja maua. Toka kwenye ncha ya kijiti hutoka tawi la maua lenye vitawi vingi, na shina moja kubwa huweza kubeba makumi ya maua kwa mara moja. Kila ua lina upana wa sentimita 5 au 6 hivi. Lihesabuni: vipande vitatu vya nje na vipande vitatu vya ndani. Lakini katika vile vya ndani kimoja ni tofauti, ni cha manjano iliyokolea. Huo ndio mdomo wa ua, na kwa okidi nyingi ndio uwanja wa kutua mdudu. Tena, katika ua la mboga la kawaida mtaona vijiti vya unga vimesimama mbali na sehemu ya kike. Katika okidi sehemu ya kiume na ya kike zimeungana zikawa nguzo moja fupi katikati. Na chavua yake haipeperuki kama unga wa ua la mahindi. Imeshikamana ikawa vibonge vidogo, navyo hugandishwa mwilini mwa mdudu aingiapo ndani. Mdudu huenda navyo kwenye ua jingine bila kujua kwamba ametumwa.

Likishachavushwa, ua huzaa tunda lenye mbavu. Tunda likikauka hupasuka, na ndani yake hutoka mbegu kama vumbi, maelfu kwa maelfu. Mtu angefikiri kwamba kwa mbegu nyingi hivyo okidi zingejaza kila mti. Sivyo. Mbegu ya hindi au ya kunde imefungiwa chakula na mama yake, nanyi mnakijua chakula hicho maana ndicho mnachokila. Mbegu ya okidi ni ndogo mno, karibu haina akiba yoyote. Ikianguka peke yake hufa. Ili iote, ni lazima ikutane na kuvu wa namna fulani, mdogo asiyeonekana kwa macho, naye ailishe mpaka itoe jani lake. Mtaalamu Mfaransa, Noël Bernard, ndiye aliyeigundua siri hiyo mwaka 1899. Kabla yake wakulima wa Ulaya walipanda mbegu za okidi na mara nyingi wakangoja bure, wasijue kinachokosekana.

Fahamuni basi maana ya jambo hili. Katika maelfu ya mbegu, ni chache sana zinazoangukia mahali pafaapo: gamba lililokwaruza, unyevu wa kutosha, na kuvu aliye tayari. Hata hiyo iliyopona huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Lile fungu kubwa mnaloliona juu ya mbuyu, ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba, halikuota mwaka juzi. Huenda babu zenu walilipita wakienda kisimani.

Pengine mtauliza, jina la Ansellia limetoka wapi? Limetoka kwa mtunza bustani. Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma msafara kwenye Mto Niger. Katika msafara huo alikuwamo John Ansell, msaidizi wa kazi za bustani. Homa iliwaua watu wengi. Hata mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Mjerumani Theodor Vogel, alifia kwenye kisiwa cha Fernando Po mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Ni katika kisiwa hicho, kinachoitwa Bioko siku hizi na kilicho sehemu ya nchi ya Guinea ya Ikweta, Ansell aliiona okidi hii juu ya mchikichi. Mwaka 1844 mtaalamu John Lindley wa Uingereza aliiandika kitabuni, akaiita kwa jina la yule msaidizi. Mimi napenda kuwasimulia vijana habari hiyo, wajue kwamba jina lililobaki si la nahodha wala la mwenye cheo, ni la mtu aliyeinua macho akatazama juu ya mti.

Lakini sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka michache iliyopita alifika katika kitongoji chetu mtu na gari la kubeba mizigo. Hakuwa mwenyeji. Alikaa na vijana chini ya mwembe, akawaambia ananunua “maua ya mitini,” na kwamba kila fungu atalilipia papo hapo. Bei aliyotaja haikutosha hata kilo mbili za sukari. Vijana wale walikuwa hawana kazi, na pesa ni pesa. Walikwenda. Kupanda mbuyu ni kazi, na mikoma ni mirefu, kwa hiyo penye mti mwembamba hawakupanda: waliukata mti mzima ili wachukue kilichokuwa juu yake. Jioni gari liliondoka limejaa. Nyuma yalibaki magogo yamelala, na majani yaliyonyauka ambayo hata mbuzi hawakuyataka.

Siku ya pili mzee mmoja jirani yangu alinijia, akasema, “Mwalimu, mbona unasikitika? Wametusaidia. Wamekwangua kupe wa miti.”

Nikamjibu, “Mzee wangu, shikamoo. Kupe gani huyo, ambaye ili aondolewe ng'ombe ni lazima achinjwe?”

Mzee alinyamaza, kisha akacheka. Ni mtu mwenye busara. Tulikwenda pamoja mpaka kwenye mkwaju wake, ambao nao una fungu moja, tukainua mzizi kwa kisu kama nilivyowaeleza ninyi. Alitazama gamba, akapitisha kidole chake, akasema, “Kumbe ni zima.” Fungu lile liko pale mpaka leo, na mkwaju unazaa.

Wasomaji wapenzi, mambo ya namna hii hayakutokea kwetu tu. Shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, limeitia okidi-chui katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Sababu ni zile zile: kung'olewa kwa ajili ya biashara ya maua na ya dawa, na kukatwa kwa miti inayoishi juu yake. Uko pia mkataba wa mataifa, uitwao CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Jamii yote ya okidi imo katika orodha zake. Maana yake ni kwamba kuivusha mimea hii mpaka kwenda nchi nyingine kunataka kibali. Basi mtu akija na gari usiku usiku, akiwa na haraka na bila karatasi, mjue kwa nini ana haraka.

Tena tunao mfano mwingine hapa hapa Tanzania. Kule Nyanda za Juu Kusini ziko okidi zinazoota chini ardhini, zenye viazi vidogo kwenye mizizi. Viazi hivyo vilichimbwa kwa wingi sana vikapelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ilifika wakati wachimbaji wakawa wanakwenda mbali zaidi kila mwaka, maana za karibu zilikuwa zimekwisha. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa, na sababu yake kubwa ni maua. Nafurahi kwa ajili ya Kitulo. Lakini nyika yetu si hifadhi, na hakuna askari wa kusimama chini ya kila mbuyu. Askari ni wewe na mimi.

Tufanye nini basi? Nina mashauri machache, nayo hayagharimu pesa.

La kwanza, usiangushe okidi kwa kuidhania kirukia. Chukua kisu, inua mzizi, tazama gamba. Ukikuta mmea umeingia ndani ya tawi, huyo ni mwizi, mkate. Ukikuta umelala juu, huyo ni mpangaji, mwache. Kweli fungu likiwa kubwa sana huwa zito, na tawi lililokwisha kuoza laweza kuvunjika chini yake. Lakini hapo kosa ni la uozo, si la kunyonywa.

La pili, ikiwa ni lazima ukate mti, labda unafungua shamba au unataka mbao, usiiache okidi ikauke juu ya gogo. Ing'oe taratibu pamoja na mizizi mingi iwezekanavyo. Ifunge kwa kamba ya katani juu ya mti mwingine ulio hai, wenye gamba lililokwaruza, mahali penye mwanga kama pale ilipotoka. Inyunyizie maji mara kwa mara mpaka mizizi mipya ishike. Lakini usiifukie udongoni hata kidogo! Mizizi hii imezoea hewa. Ukiizika itaoza, nawe utasema okidi ni mmea mgumu kufuga, kumbe umeisonga pumzi.

La tatu, mtu wa nje akitaka kununua, msimkubalie mmoja mmoja uchochoroni. Mpelekeni kwa serikali ya kijiji na kwa Bwana Miti, aonyeshe kibali chake mbele ya watu wote. Mwenye haki hataona haya.

La nne ni kwa ajili ya wazazi. Waonyesheni watoto mmea huu. Watoto wetu hujua majina ya magari toka wangali wadogo, lakini mti ulio mlangoni hawaujui. Wamwagieni mzizi maji mbele yao waone rangi inavyogeuka. Wahesabisheni vipande vya ua. Mtoto aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatakuwa mwepesi wa kunyanyua panga akikua, hata akiahidiwa bei ya sukari.

Na kwa mzee yeyote asomaye haya, mwenye fungu la okidi juu ya mti wake, nina ombi moja dogo. Msimu wa maua ukifika, usiyapite. Simama kidogo uinue macho. Ushahidi wangu nimekwisha kuutoa. Hukumu naiacha mikononi mwako, na panga naomba libaki nyumbani.